Bei Mbili za Jirani

Rafiki yangu, likizo hii ya midterm nilipita Malaba, mpakani, na pale ambapo nyanya yangu aliuzia omena, wale dagaa wadogo, sasa wanauza kava za simu. Nilisimama hapo kama nimepotea. Pua yangu bado ilikuwa inatafuta ile harufu.

Nyanya alitoa omena ziwani, Osieko. Mimi, nikiwa darasa la tatu, nilikaa nyuma yake juu ya gunia, nikitoa mawe na kufukuza kuku. Sikuwa mtu wa maneno. Wateja wa upande wa Uganda walinitania, "Huyu aliacha mdomo nyumbani?" Nyanya alijaza gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka omena zikamwagika, halafu akaongeza mkono mmoja juu, bila kuombwa.

Kando yetu alikaa jirani, mama wa kubadilisha pesa, mkoba tumboni na mwavuli juu ya kichwa. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa biashara. "Shilingi ya Uganda nanunua kwa bei moja, nauza kwa ingine," aliniambia. "Hapo katikati ndio nakula, wewe bubu." Nilimpenda, kusema ukweli.

Siku moja wakinywa chai, nyanya alimwambia polepole kwamba macho yamekataa, noti anazijua kwa kupapasa tu. "Ibaki kwako, dada." Jirani akamshika mkono. "Mama, mimi ni kaburi."

Kaburi gani? Mwezi haukuisha kabla mwenye kibanda tulichokodi hajaja kusema mtu asiyeona pesa ataibiwa, na kodi itamshinda. Tulipotoa gunia la mwisho, binti ya jirani alikuwa tayari anapanguza meza yetu. Siri ilinunuliwa kwa kikombe cha chai, ikauzwa kwa kibanda kizima. Nyanya akarudi Butula, akawa anakaa mlangoni, vidole vikisugua pindo la leso kama anayetafuta noti. Alituacha bila kukanyaga soko tena.

Mwalimu wetu wa biashara husema akiba ikiachwa inazaa, na kilichozaliwa nacho kinazaa. Alikuwa anaongea juu ya benki. Mimi niliandika nikifikiria hasira yangu.

Basi, jirani bado yuko palepale, mwavuli umechanika. Nikampa noti ya Uganda anibadilishie. Akaisogeza mpaka puani, akaigeuza, akapapasa ukingo kwa kidole gumba. Nikajua. Naye akajua nimejua.

"Wewe si ni yule bubu wa mama omena?" Akaniitishia soda haraka. "Usiambie mtu, mwanangu. Binti yangu akisikia, ataninyang'anya huu mkoba."

Nilikunywa soda yote, polepole. Sikuahidi kitu.

Nyanya angekuwepo angemhurumia, angemwongezea mkono mmoja juu. Lakini watu wa kuongeza bila kuombwa hawako tena pale sokoni. Gorogoro lenyewe liko Butula, limeshika kutu, kuku wanalinywea maji. Na mimi sikurithi ule mkono. Mimi nilisomea kwa jirani.

Midterm yote nimepita kwake kila asubuhi. Namsalimia kwa heshima, "Umeamkaje, mama?" Anaacha kuhesabu, anatafuta uso wangu kwa yale macho yake, anasikiza kama nitaongeza neno.

Siongezi. Siri yake ninayo, nilinunua kwa soda moja. Bado sijauza. Nangoja bei ipande.