Nguzo Ndani ya Taa: Kutoka Tarime Hadi Natta

Nilikwenda Natta kwa sababu ya aibu. Kambi moja ya watalii huko ilinirudishia sahani za taa za magari, zile zinazorudisha mwanga wa balbu, mara mbili, zimeota madoa meusi. Mara ya tatu, wakasema, wanatafuta fundi mwingine. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mashine nimeiunda mwenyewe: pipa la chuma, nafyonza hewa, ndani nachemsha alumini mpaka iwe mvuke, mvuke unaganda kwenye sahani ya bati na kung'aa. Sikuwa tayari jina langu lifutwe.

Alfajiri niliwasha pikapu nyumbani Tarime. Nikavuka Mto Mara, nikapita Mugumu. Nyambureti nilisimama kunywa chai, nikaondoka kabla haijapoa.

Saa sita nilikuwa Natta, kwenye karakana ya kambi. Msichana mwenye ovaroli akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkuu wa karakana yuko wapi?"

"Ndiye huyu anayekusalimia. Naitwa Nyangi."

Mafundi wakacheka.

Nyangi alikuwa amepeleka kipande cha sahani yangu chuo alichosoma, kikapigwa picha kwa mashine inayokuza vitu visivyoonekana. Akanipa simu niione hiyo picha. Nilitegemea kuona utando laini. Niliona nguzo nyembamba zimesongamana, zimeinama upande mmoja, na mianya katikati.

"Shamba la nani hili?"

"Lako, baba. Chembe za mvuke zikitua kwenye sahani ya baridi zinagandia pale pale, haziwezi kutambaa. Iliyotangulia kuinuka inadaka zinazokuja, nyuma yake panabaki kivuli. Mtama mrefu si unaua mfupi? Hiyo mianya ndiyo njia ya maji."

"Na kuinama?"

"Wewe sahani unazipangaje?"

"Naziegemeza ukutani mwa pipa, kama vibuyu vya maziwa vinavyokaushwa. Zinaenea kumi na mbili."

"Basi mvuke unazipiga ubavuni, na kivuli kinarefuka."

"Binti, kazi hii nimeianza hujazaliwa."

"Na madoa, baba, yalizaliwa lini?"

Nikauliza dawa. Akasema sahani zitazame mvuke uso kwa uso, zizunguke, nifyonze hewa zaidi, nizipashe joto kiasi ili chembe zitambae na kuziba mianya. Kiasi tu, joto likizidi, sahani inapata ukungu.

Jioni nilikuwa Tarime. Kesho yake nikafunga mota ya waipa ndani ya pipa ili izungushe sahani, nikapaka nne jinsi alivyosema. Ya tano niliiegemeza kwa makusudi. Zote nikazifunika gunia lililolowa maji, nione ipi itaota madoa. Siku ya sita ile ya tano ilikuwa na madoa. Katika zile nne niliona meno yangu, hata lililong'oka.

Nikazituma Natta. Nyangi akapiga simu: "Baba, lete nyingine."

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa naijua kazi yangu kwa nje tu. Sasa nimetangaza sokoni kwamba mwenye sahani yangu yenye madoa airudishe, nitaipaka upya. Watu wanacheka. Wacheke, ila walete.