Kamba Iliyoinama

Nilipokwenda Walukuba, Jinja, kwa mazoezi ya ualimu, niligawiwa vipindi vya michezo pamoja na mwalimu aliyestaafu jeshini. Wanafunzi walimwita Afande. Alifundisha kwa filimbi: ikilia wanakimbia, ikilia tena wanasimama. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Mbale na swali moja: mtoto asiyeamua lolote uwanjani anajifunza nini?

Nikaomba siku yangu. Nilifunga kamba ndefu kwenye mlingoti wa goli, ncha ya pili nikaishusha hadi kwenye kigingi ardhini.

"Kila mtu achague mwenyewe pa kuruka," nikawaambia.

Nilimfanyia hivyo hasa msichana mmoja wa Kinubi. Kila kipindi cha kuruka alisema tumbo linamuuma, na asiporuka angekosa alama za michezo. Nilitarajia ataelekea upande wa chini. Kumbe darasa zima lilijazana upande wa juu, wakawa wanaanguka kwa zamu, naye akaketi nyasini.

"Nenda kule kwa kuku," mwenzake alimtania. "Hata kuku huruka, mama."

Nilichuchumaa karibu naye nikamuuliza kwa nini hachagui.

"Mwalimu, Afande akiweka kamba nikashindwa, kamba ni yake. Hapa nikichagua chini, wote wanaona mimi mwenyewe nimesema siwezi."

Chuoni tulijadili sana nani aamue. Sikumbuki kama tuliwahi kuuliza nani anatazama.

"Ungekuwa mwalimu, ungefanyaje?"

Alifikiri kidogo. "Turuke pamoja, kila mtu aangalie miguu yake. Afande apige filimbi." Akanitazama. "Na wewe uruke."

Nilimpelekea Afande ombi hilo.

"Kwa hiyo uhuru wako unataka filimbi yangu, bwana?" Alicheka, lakini alikuwa ameshaitoa mfukoni.

Kundi la kwanza likajipanga kando ya kamba, yule msichana akiwemo. Nilisimama mwisho kabisa, upande wa mlingoti, kwa majivuno tu. Filimbi ikalia. Kamba ilininasa mguu, nikatua kwa magoti. Nilipoinua kichwa, msichana alikuwa ng'ambo, akikung'uta sketi.

Nilimwendea Afande mbio. "Ameruka sehemu gani?"

"Ameruka," akasema. "Mpe alama zake."