Figo za Karatasi

Thoa alikuwa fundi wa karatasi. Katika mtaa wao mjini Hue, Vietnam, kila aliyefiwa alipita kwake kununua vitu vya karatasi vya kumchomea marehemu ili vimfuate: nyumba zenye ghorofa, viatu, hata pikipiki yenye taa mbili. Mzee mmoja aliyepoteza mguu vitani alizikwa na mguu ambao Thoa aliusuka kwa mianzi na kuuvika karatasi, maana anayezikwa pungufu huamka pungufu huko aendako. Wanawe walimshukuru huku wakilia. Wateja walipomuuliza kama vitu hivyo vinafika kweli, alicheka.

"Hajarudi hata mmoja kulalamika," alisema.

Msimu wa mvua Khiem, mwanawe wa pekee, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na kicheko hicho kikamwishia. Kijana alilazwa hospitalini kichwa kikiwa kimefungwa bandeji, kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Daktari Uyen, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alimketisha Thoa ukumbini pamoja na Nhan, mke wa Khiem.

"Mama, ubongo wake umekufa. Tumempima tukarudia, na madaktari wengine wakampima. Hapumui yeye, inapumua mashine."

"Mbona ana jasho?"

"Moyo bado unasukuma damu. Hautaendelea sana."

"Amekufa au hajafa? Nipe neno moja, daktari."

"Amekufa, mama."

Nhan akamshika mkwewe mkono. "Mama, yeye mwenyewe alishajiandikisha kutoa viungo vyake. Tangu rafiki yake afe kwa figo, alikuwa akisema akifa yeye, vyake wapewe watu."

"Hata hivyo hatumgusi mpaka familia iridhie," daktari alisema. "Ila moyo ukisimama kabla hamjaamua, hakutakuwa na cha kumpa mtu."

Thoa aliinuka. Aliingia akamfinya mwanawe kidole cha mguu kwa nguvu, kama alivyokuwa akimwamsha kwenda shule. Mguu ulikuwa na joto. Haukusogea. Je, kama wamekosea? Na kama hawakukosea, atamwachaje mtoto akatembee gizani akiutafuta moyo wake?

Alipotoka alimkuta shemeji yake Lieu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na mtunza madhabahu ya ukoo, mwavuli ukimchuruzika maji miguuni.

"Gari liko chini," Lieu alisema. "Nimeleta na mtu wa kumpulizia hewa kwa mkono njiani. Tumtoe sasa hivi akakate roho nyumbani, mbele ya babu zake. Anayefia nje haingii ndani. Unajua jeneza lake litakaa wapi?"

"Uani."

"Uani, chini ya turubai! Mtoto wa ukoo wetu, kama kuku aliyegongwa barabarani! Na wakimpasua, Mama Khiem, mtaa mzima utasema umemuuza mwanao vipande vipande. Jina letu utalifichia wapi?"

Thoa aliliogopa hilo jina kuliko alivyoweza kusema. Alikuwa amelitunza tangu alipoolewa. Hakuwahi kugombana sokoni wala kukopa kwa jirani. Lakini maneno ya gari yalimrudisha nyuma. Mumewe naye alitolewa hospitali hiyohiyo, mtu akimpulizia hewa. Walipofika darajani mkono wake ulipoa ndani ya mkono wa Thoa. Mpulizaji aliendelea kubonyeza mfuko wa hewa. Mlangoni Lieu alipaza sauti: "Amefika! Amefika na pumzi yake!" Watu wote wakashukuru.

"Shemeji," Thoa aliuliza, "mume wangu alifika?"

"Swali gani hilo? Watu waliona."

"Mimi nilishika mkono. Wewe ulishika miguu."

Lieu aliangalia huku na huku. "Punguza sauti, wewe!"

"Na huyu ameshakufa, daktari kaniambia. Gari lako litampeleka nani nyumbani?"

Lieu aliufunga mwavuli, akaufungua, akaufunga tena. "Fanya utakalo. Ila ndani haingii." Akashuka ngazi.

Thoa alirudi kwa daktari. "Mtachukua nini?"

"Moyo, ini, figo zote mbili. Na macho, mkiridhia."

"Macho mwacheni nayo. Aione njia." Alimtazama Nhan, na Nhan akainamisha kichwa kukubali. "Moyo wake una ukubwa gani?"

Daktari alikunja ngumi, kisha akaikunjua. "Kama ngumi yake mwenyewe, mama."

Nyumbani Thoa aliketi na karatasi nyekundu. Mkono uliokata maelfu ya viatu bila kupima sasa ulikosea. Figo ya kwanza ilitoka ndogo kama ya mtoto. Ini alilijua la nguruwe tu, la buchani, akaona aibu kulifananisha, akalikata hivyo hivyo. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza: vinafika kweli? Hapakuwa na fundi wa kumjibu.

Jeneza lilikuja kukiwa na mvua. Turubai lilishafungwa uani. Lieu alisimama kizingitini na joho lake refu jeusi na kilemba, mlango umefungwa nyuma yake. Mwanamke mmoja wa mtaani, muuza uji wa chaza, alimsogelea Thoa.

"Pole, Mama Khiem. Eti ini siku hizi linakwenda bei gani?"

Nhan aliruka kama aliyechomwa, lakini Lieu alimwahi.

"Hapa ni msibani, bibi, si dukani kwako. Rudi kwenye chungu chako." Kisha akamgeukia Thoa. "Ulivyotengeneza viko wapi?"

Thoa alifunua kikapu. Lieu akainama, akavihesabu kwa kidole bila kuvigusa.

"Moyo. Ini. Figo... moja?"

"Nyingine iko chini yake."

"Macho?"

"Anayo."

Mzee alijiinua. Halafu aliukamata mlango mkubwa, akausukuma mpaka mwisho.

"Mwingizeni."

"Lakini mzee," mbebaji mmoja alisema, "si amefia nje huyu?"

"Baba yake alipita mlango huu huu akiwa hivyo hivyo," Lieu alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Inueni."

Waliinua. Thoa alitangulia na kikapu, kiganja chake kikiufunika moyo wa karatasi usilowe.