Nilipokataa Kusema Kwamba Ninaumwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wewe ukiwa bado tumboni mwangu, nilisimama mbele ya kioo katika nyumba tuliyopanga kule Kadutu, nikajiambia kwa sauti: "Niko muzima. Niko na nguvu. Hakuna kitu inanishinda." Kichwa kilikuwa kikinigonga kama mtu anayetwanga majani ya sombe ndani yake. Macho yaliona vimulimuli mchana kweupe. Hata hivyo nilirudia maneno yale mpaka nikachukua viatu niende kazini, na viatu vikakataa kuingia.

Usinicheke. Jana asubuhi nilikusikia chumbani, mhamasishaji kwenye simu yako akisema na wewe ukiitikia, kwamba wewe ni mshindi na mshindi hachoki. Sikukasirika. Nilikaa tu na chai yangu, nikaona afadhali nikueleze.

Mimi nilikulia katika nyumba ambamo msichana alifungua kinywa akiulizwa tu. Nilipopata kazi ofisini hapa Bukavu, nilikuwa nikijificha nyuma ya wengine kwenye mikutano. Ndipo rafiki akanipeleka kwenye semina za kujijenga, katika ukumbi wa parokia. Mwalimu alikuwa mtu mpole, suti yake imepigwa pasi vizuri. Alisema neno "siwezi" ni kaburi mtu analojichimbia mwenyewe. Alitufundisha kumtazama mtu machoni, kuamka kabla ya jua, kumaliza tulichoanza. Nikwambie kweli, alinitoa mbali. Nilianza kusema mikutanoni, na watu wakanisikiliza.

Basi nikameza yote bila kutafuna, tena nikaongeza ya kwangu. Yeye alikataza kusema siwezi. Mimi nikaamua kwamba hata "naumwa" ni neno la walioshindwa. Hilo hakunifundisha mtu.

Siku ile ya viatu, baba yako alikuwa Minova kikazi. Mlango ukagongwa, akaingia bibi yako mzaa baba, ametoka kijijini Miti na mkungu wa ndizi kichwani. Alinitazama, hata ndizi hajazitua.

"Mwana wangu, sura yako imevimba. Uko naskia nini?"

"Niko muzima, Maman."

"Kichwa iko inakuluma?"

"Hapana, Maman. Niko na nguvu."

Akazitua ndizi polepole. Akanishika mkono, akaniketisha, akabonyeza kidole juu ya kifundo changu cha mguu, na shimo likabaki pale.

"Ule mwalimu wako," akasema, "alikufundisha kujipenda, ao kujidanganya?"

Nikageuka, nikavitafuta viatu vyangu.

"Mimi pia nilinyamazaka hivi hivi. Walisemaka mwanamuke wa nguvu halalamikake. Mutoto wangu wa kwanza nilimuzika, na mimi kidogo nimufuate. Sitazika ule wako. Vaa kitenge, tuende ku opitali."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, kama wewe unavyolisikia sasa, linaingia sikio hili, linatokea lile. Lakini sijawahi kumsikia bibi yako akimtaja mtoto yule, kabla ya siku ile wala baadaye. Nilivaa kitenge.

Mvua ilikuwa imenyesha, na mteremko wetu unaujua ukilowa. Tulishuka tukishikana kama walevi, tukapata taksi huko chini. Hospitalini palijaa. Muuguzi, amechoka, hata hakuinua uso: "Maman, ungoje kidogo."

Hapo, mwanangu, ndipo semina ilinifaa. Zamani ningekaa kwenye benchi ningoje mpaka nianguke. Nilimtazama machoni kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti isiyotetemeka: "Maman, niko mugonjwa. Kichwa iko inaniluma tangu juzi, macho inaona moto-moto, miguu imevimba. Tena naogopa."

Akasimama mara moja. Alipopima msukumo wa damu yangu, uso wake ukabadilika, akaita daktari. Waliniambia lazima nipasuliwe siku ile ile, mtoto atoke kabla ya wakati wake.

Nilipozinduka nilisikia sauti nyembamba, kama ya paka mchanga. Bibi yako alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka. "Iko analia! Iko anapumua!" Baba yako alifika kutoka Minova, matope mpaka magotini. Alitutazama sote wawili, akaketi sakafuni hapo hapo, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo wa njia nzima. Nami mwili wangu wote ukalegea. Sikujua nilikuwa nimeukaza kwa muda gani. Bibi yako akakuita Asifiwe, na hakuna aliyebishana naye.

Mafundisho yale sikuyatupa. Mpaka leo naamka kabla ya jua, na nikianza jambo ninalimaliza. Wewe nani alikufundisha kumtazama mkubwa wako wa kazi machoni, kama si mimi? Na mimi nilitoa wapi? Kwa hiyo simu yako isikilize. Chukua kinachokunyoosha mgongo. Ila neno lolote linalokutaka umfiche ukweli mtu anayekupenda, hata likiwa tamu vipi, liache hapo hapo. Mficha uchi hazai, nami karibu nisikuzae. Nguvu si kutoumwa. Ukichoka, sema umechoka. Ukiogopa, sema unaogopa, na useme mapema, kwa mtu anayeweza kukushika mkono mkashuka pamoja.

Nyamuzinda, Mungu wetu, akupe mgongo wa kubeba na kinywa cha kusema "nisaidie". Kazi ya mikono yako isimame imara. Uendako upokewe vizuri, na siku utakayorudi hapa unalia, mwanangu, mlango huu uukute wazi.