Mipeasi ya Zahanati

Kijijini kwetu, kwenye milima ya Vidunda, mipeasi minne ilisimama mbele ya zahanati. Haikuzaa tunda la kuliwa. Mwenye shamba wa zamani aliipanda kwa ajili ya maua yake meupe, na baba yangu ndiye aliyeitunza hata mwenye shamba alipoondoka baada ya Uhuru. Nyumba yake ikawa zahanati ya kijiji cha ujamaa, na wajawazito wakawa wanasubiri zamu yao kwenye benchi kivulini. Baba alipofariki, kamati ya kijiji ilinipa mimi kazi ile ya kuitunza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kusema mbele za watu kulinishinda.

Sikumuuliza mtu. Niliikata vichwa yote kwa panga, usawa wa bega, kama tunavyokata mijohoro ya kuni. Mjohoro ukiukata hivyo ndipo unapopata nguvu. Mipeasi nayo ilichipua upesi, fito nyingi zilizosimama wima zikitoka mahali pamoja. Watu walinisifu.

Masika ya nne mti mmoja ulipasuka katikati. Upande mmoja ulimwangukia mama mwenye mimba ya miezi minane, ukamvunja mkono. Mtoto alizaliwa salama, lakini kabla ya hapo tulikaa wiki tatu bila kujua kama angezaliwa hai. Sikuweza kupita mlangoni kwao.

Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba Jumamosi, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mitatu iliyobaki ingekatwa. Jioni ile nyumbani mama yangu alikuwa anachagua maharage.

“Mama, baba alikuwa anaikataje?”

“Leo ndiyo unauliza?” Hakuinua uso. “Mimi nilimshikia ngazi. Kichwa hakugusa hata siku moja. Alichagua shina moja liende juu. Matawi mawili yakibanana, moja linatoka. Na akitoka mti huu kwenda ule, anababua msumeno motoni asihamishe ugonjwa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa na panga mkononi, mwanangu, na watu wanakusifu.”

Jumamosi watu walikuja na mashoka. Nilimwendea Mwenyekiti.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba.”

“Mkono wa yule mama ni kosa langu. Miti niliikata vibaya. Naomba niipogoe upya.”

“Loo! Bubu kaongea!” alisema mmoja wa wenye mashoka. Wenzake wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. “Ukishaipogoa, utakaa chini yake?”

“Nitakaa.”

“Wewe unaweza kukimbia. Dada yako mwenye mimba, utamkalisha?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Nikaenda kuitazama miti, mmoja mmoja, nikaingiza kidole pale fito zilipoungana na shina. Kwenye mti wa mwisho kidole kilizama, kikatoka na maji meusi.

“Huu hapana,” nilisema. “Ile miwili, ndiyo.”

Ule wa mwisho niliuangusha mwenyewe. Kisha nikawasha moto wa kubabulia msumeno, nikapanda. Kila mti niliuachia ufito mmoja uliosimama imara, na matawi machache ya pembeni yaliyoachana vizuri. Mengine niliyakata karibu na shina bila kubakiza kisiki. Kufikia adhuhuri miti ilikuwa imekonda, na kivuli chake hakikutosha hata mkeka.

Mwenyekiti aliamuru kamba ifungwe kwenye kila tawi, na wanaume watatu wavute. Hakuna lililolia.

“Ibaki,” alisema. “Lakini benchi lisogee ukutani, mpaka ikomae.”

Tulilibeba wawili, mimi na yule aliyeniita bubu. Ukuta ule hupigwa na jua tangu asubuhi. Kwa miaka mitatu wajawazito walisubiri pale, wamejifunika khanga kichwani, huku mimi nikipogoa mbele yao. Niliwaamkia kila siku. Waliitikia vizuri, wala hakuna aliyenilaumu, nami sikuweza kuwatazama usoni.