Makombe Yaliyobaki Meupe

Mjiolojia alimkosea mama huyu tangu siku ya kwanza: alimdhania mwosha mawe tu, mtu wa kupewa maagizo. Ofisini walimwita Bibi Chekeche. Kwa miaka ishirini na mitatu, katika chumba cha nyuma chenye sinki mbili, alikuwa akiponda miamba, akiiosha na kuichekecha hadi vibaki visukuku vya bahari ya kale, vidogo kuliko punje ya mchele.

Siku hiyo alikuwa akiosha mawe kutoka mji wa mbali wenye kiu, ambako wachimbaji wa kisima walikuwa wamefika mita mia na themanini bila kuona tone. Kesho yake mtambo ungeondolewa. Mjiolojia alikwisha kuandika nusu ya ripoti ya kuwaruhusu waondoke: mwamba wa huko ulikuwa mwekundu, ule wa kisima cha bondeni kilichopata maji ulikuwa wa kijivu. Kwake, hayo yalikuwa matabaka mawili yasiyojuana.

"Hebu chungulia," Bibi Chekeche alimwambia.

Chini ya hadubini yalilala makombe matatu yaliyojisokota, yenye mgongo wa meno. Kule bondeni, makombe ya namna hiyo hukaa mita arobaini juu ya tabaka lenye maji.

"Mwamba umebadilisha nguo tu, mwanangu. Wenyeji ni walewale."

"Mama, jana uliosha mawe ya bondeni kwa chekeche hilohilo. Hawa wamebaki kwenye wavu."

"Unaniita mchafu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila kwa adabu."

Akamwonyesha ndoo iliyojaa rangi ya buluu. Kila alipomaliza kuosha, alilichovya chekeche humo, ili chochote kilichong'ang'ania kigeuke buluu. Kisha akasukuma kombe moja la buluu lililokuwa pembeni mwa sinia. "Huyu ndiye wa jana. Hawa weupe ni wageni wa leo."

Miaka sita mjiolojia alikuwa akiyaona yale ya buluu, asiulize hata mara moja. Aliifuta ripoti, akawapigia simu wachimbaji waendelee. Siku ya nne, kwenye mita mia mbili na kumi na sita, maji yalipanda.

Bibi Chekeche alipokwisha kustaafu, ndipo mtunza ghala alipomweleza mjiolojia kwamba ile buluu haikuwamo katika mwongozo wowote. Mama aliianzisha mwenyewe, katika mwaka wake wa tatu kazini, baada ya kombe lililosalia kwenye chekeche lake kuwachimbisha watu kisima kikavu. Hakuna aliyekuwa amegundua kosa hilo. Alikwenda kwa mkuu wake akasema ni yeye.