Bakuli la Mama Mwamini

Bado naikumbuka, mwanangu, Jumatano moja, wiki chache baada ya mlima kutapika moto na kuukata mji wetu vipande viwili. Mvua ikinyesha, mawe yaliyoachwa na moto ule yalikuwa bado yanafuka moshi. Nimesikia umejiandikisha na vijana wa mtaa wanaowapelekea wazee chakula. Nimefurahi sana, kisha nikaogopa kidogo, maana najua nilichokifanya mimi nilipokuwa na umri wako.

Tulipikia kwenye uwanja wa jirani mmoja kule Keshero, ambako moto haukufika. Hakuna aliyelipwa. Wa kanisani na wa msikitini, kila mtu alileta alichokuwa nacho: huyu maharage, yule makaa, mwingine mikono yake tu. Waasi ndio walioutawala mji wakati ule, nasi hatukungoja ofisi yoyote itutume. Ah, tulivyocheka! Tukichambua lengalenga, mchicha wetu, sisi wa Rutshuru tuliwatania wa Maniema kwa kupenda pilipili, nao wakatujibu kwamba maharage yetu ni ya wagonjwa. Ningepewa siku moja tu ya kurudi nyuma, ningechagua asubuhi mojawapo ya zile.

Aliyetuongoza ni Muzee Kasereka, dereva wa lori aliyekuwa amezoea kujipikia barabarani. Lori lake lilifunikwa na mawe, akabaki na sufuria mbili kubwa. Kila mmoja wetu alipangiwa naye mzee wa kumpelekea chakula, na mimi nikapewa Mama Mwamini, mjane wa mtaa wa Majengo mwenye mguu mbovu. Nyumba yake ilikuwa chini ya mawe, naye aliishi peke yake katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya watu.

Unajua desturi yetu: jirani akikuletea chakula, humrudishii chombo kitupu. Mama Mwamini hakuiacha. Siku ya kwanza bakuli langu lilirudi na ndimu moja. Siku ya pili, chumvi kidogo ndani ya karatasi. Jumatano hiyo alinitilia pilipili tatu, alizozichuma kwenye mche alioupanda ndani ya kopo la maziwa mlangoni pake.

Nami, kwa ujuaji wangu wa ujana, nikazirudisha mapajani pake mbele ya majirani.

“Acha, Mama,” nikamwambia. “Weye uko mutu ya kusaidiwa. Hizi kula mwenyewe.”

Nilidhani nimesema neno la huruma. Nilitembea mpaka nyumbani nikijisifu.

Kesho yake nilikuta mlango umefungwa. “Nimeshiba, mutoto yangu,” akasema kutoka ndani. “Pelekea bengine.” Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Jumamosi mwenye nyumba akaninong’oneza kwamba tangu Jumatano mama yule hajatia kitu mdomoni ila maji. Hapo nikaogopa kweli. Nilirudi mbio, bakuli bado la moto, nikamweleza Muzee Kasereka mambo yote bila kuficha.

Alikuwa mtu wa kelele, yule muzee. Akikuita kutoka Keshero, unamsikia mpaka sokoni Kituku. Siku ile alifunika sufuria kwanza, akasema polepole.

“Mawe ilimeza nyumba yake. Kitu moja tu ilimubakilia, ni kuwa jirani ya batu. Na hiyo, ni weye ulimunyanganya.”

Nililia palepale, mbele ya wote, bakuli mkononi. Akaningoja nimalize. “Rudia kwake,” akasema. “Lakini usiende kumupa. Enda kumuomba.”

Nikaenda na bakuli lilelile, nikasimama mlangoni. “Mama Mwamini, maharage yetu haina ladha. Batu ya Maniema banatucheka. Nimekuja kuomba pilipili.”

Nilifikiri nimechelewa. Kisha nikasikia fimbo yake ikigonga mbao, na mlango ukafunguka. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

“Nilijua,” akasema. “Batu ya Rutshuru hamujue kupika.”

Alichuma pilipili zote zilizoiva, akanijazia kiganja. Ndipo akanyoosha mkono kulipokea bakuli, akaketi, akala. Nami nilikaa kizingitini nikilitazama kila tonge mpaka la mwisho.

Wiki iliyofuata tulimleta uwanjani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameketi juu ya gunia, vijana wawili wakiisukuma na yeye akiwagombeza kwamba wanaendesha vibaya. Alikagua sufuria zetu kila asubuhi kwa miaka mingi, na hakuzisifu hata mara moja. Mpilipili ulio nyuma ya jiko langu, ambao wewe huutumia bila kuuliza, ulitoka kwenye kopo lake. Namkumbuka kila ninapouchuma.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Unapompelekea mtu chakula, usimfanye mdomo wa kulishwa tu. Kaa kidogo. Muombe kitu, hata neno la kukufundisha. Akikupa, pokea kwa mikono miwili na ushukuru, hata kama unajua kwamba hana kingine.

Nenda sasa, wazee wanakungoja. Mungu akutangulie mlango kwa mlango, na siku mguu wako utakapokataa kutembea, akuletee kijana atakayekubali kuondoka na ndimu yako.